Muhuri Uliopanda Farasi

Mimi sikuzaliwa na aibu, na siku mfalme alipoingia mji wetu wa Quito nilishukuru kwa hilo.

Mwanangu Sayri alikuwa anyongwe Jumamosi. Alimsukuma msimamizi wa shamba aliyekuwa akinipiga mimi mamake. Yule bwana akaangukia jiwe, akafa. Alhamisi nikasikia mfalme wa hawa Wazungu wanaotutawala anaingia kutoka ng'ambo ya bahari. Nikabeba pombe ya mahindi na vikombe viwili, maana kwetu mgeni hanywi peke yake, nikamwita jirani yangu Tocto tukaenda.

Msafara ukatokeza. Jamani, sijaona kitu kama kile. Farasi mweupe, tandiko la dhahabu, na juu yake paa la hariri limebebwa na wakubwa wanne, vichwa wazi. Kwenye tandiko hapakuwa na mtu. Palikuwa na kasha dogo, lingeenea kwenye kapu la viazi.

"Mfalme yuko wapi?" nikauliza.

"Mumo humo," akasema Tocto. "Ni muhuri wake. Wanasema ulipo muhuri, yupo yeye."

Ningeshangaa nini? Wafalme wetu waliokufa tuliwavika, tukawanywesha, tukawaomba shauri, na sanamu zao zilipopita tuliinama. Kilichonisisimua mwili ni Don Gaspar, hakimu aliyemhukumu mwanangu. Alipiga magoti vumbini akalibusu lile kasha. Mfalme mwenyewe hajawahi kukanyaga nchi yetu, na bado anawaangusha hawa waliotuangusha sisi. Niliogopa, sifichi.

Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikapenya hadi kwa farasi, nikajaza vikombe vyote viwili. Changu nikanywa, chake nikakimwaga taratibu mbele ya kwato.

"Baba mfalme, karibu, pole na safari. Mwanangu Sayri alikuwa ananitetea. Usikubali wamnyonge Jumamosi."

Don Gaspar akanishika mkono. "Wewe mama, unaongea na kasha? Hebu toka hapa."

"Kumbe ni kasha tu, bwana mkubwa? Mbona umelipigia magoti?"

Watu wote wakamgeukia: mapadri, askari, karani na kalamu yake. Aseme mfalme hayumo? Kichwa chake ndicho kingekwenda. Uso ukamwiva.

"Mfalme yumo," akasema hatimaye. "Amekusikia. Atajibu."

"Ahsante. Basi mwanangu asiguswe mpaka ajibu."

Alifungua mdomo abishe, akalitazama kasha. "Karani, andika hivyo."

Tukashika njia ya nyumbani. "Una wazimu, shoga yangu," Tocto alisema. Nilikuwa nalia.

Baada ya miezi michache walimfungulia Sayri, maana nani angeendelea kumlisha mfungwa anayengoja barua ya ng'ambo? Sasa ni mwaka wa thelathini na moja. Mfalme hajajibu. Mwanangu ana wajukuu wanne, na bado anasubiri kunyongwa.