Kamba Mbili na Sentensi Moja

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama sebuleni kwa mama, mjini Nkubu, na ukuta wa runinga umegeuka jabali. Lilikuwa jabali la kawaida, jeusi, lenye nyufa, ila lilipita darini na kuendelea kwenda juu. Dari lilikuwa limesogea pembeni kulipisha.

Mdogo wangu Karimi alikuwa ameshapanda hadi usawa wa pazia. Sisi wawili hupanda milima pamoja. Yeye hutangulia, mimi hubaki chini nikimshikia kamba, ili akianguka asifike nilipo. Safari hii alikuwa ametangulia bila kamba.

"Dada," aliita bila kutazama chini, "nirushie kamba. Lakini iwe inayofaa."

"Inayofaa ni ipi?"

"Ziulize zenyewe. Si zimekaa hapo nyuma yako?"

Nageuka. Kwenye makochi zimekaa kamba, kila moja imejikunja vizuri, kikombe cha chai mbele yake. Nazisalimia. Zinaitikia, na moja inaniuliza kama mama amepona goti.

Ya kwanza kusimama ni kamba nyeupe. Inasimama wima kabisa. Inasema haijawahi kuvutika hata kidogo maishani, na haina mpango wa kuanza sasa.

"Karimi akianguka, utamshika?"

"Nitamshika palepale," inasema. "Mgongo wake ndio utakaoumia. Mimi ni wa kuvuta mizigo na kushusha watu taratibu. Anayeanguka anahitaji kamba ya kumbembeleza."

Inaketi na kunywa chai yake. Namheshimu sana mtu anayejua kukataa kazi isiyo yake.

Karibu nayo kuna kamba nene nyekundu, yenye sauti ya mama mkubwa. "Mimi nalea wanaojifunza, mwanangu. Wanaanguka asubuhi, wanaanguka jioni, na sichakai upesi. Lakini mwili ninao. Huyo mdogo wako akinivuta mpaka huko juu, atafika kama aliyebeba gunia."

"Dada!" Karimi anaita. "Vidole vinachoka."

Kamba ya manjano, nyembamba kidogo kuliko nyekundu, inaweka kikombe chini. "Jabali limenyooka," inasema. "Mimi peke yangu natosha."

Naitupa. Karimi anaidaka kwa mkono mmoja na kuifunga kwenye mkanda wa kiunoni. Napumua.

Jabali lilikuwa linasikiliza. Liliposikia limenyooka, lilijipinda. Ufa aliokuwa anaufuata Karimi ukakimbilia kushoto nyuma ya kabati la vyombo, ukarudi kulia hadi jikoni, kisha ukakata kona tena. Kila kona kamba ya manjano inakwaruza mwamba, na Karimi anaivuta kwa meno.

"Nasugua kila mahali," kamba inaniambia kwa upole. "Nibadilishe kabla hajaishiwa nguvu."

Ili abadilishe kamba, ilibidi Karimi asimame bila kufungwa popote, juu ya jiwe lenye ukubwa wa chapati. Alisimama. Nilimwona akifungua fundo lake, na moyo wangu ukatoka nje, ukakaa kwenye kochi lililobaki wazi.

Ndipo zikainuka kamba mbili nyembamba, ya buluu na ya kijani, kutoka kiti kimoja.

"Sisi ni..." ilisema ya buluu.

"...nusu," ilimalizia ya kijani.

"Mmoja anapita..."

"...kushoto, mwingine kulia."

"Ndiyo maana kila mmoja wetu..."

"...ananyooka."

Nikazirusha. Karimi akajifunga zote mbili. Kila alipobandika pete ya chuma mwambani, upande wa kushoto, aliipitishia ya buluu. Kila alipobandika kulia, ya kijani. Zikapanda naye bila kukwaruza popote, nami nikaziachia mikononi kama mtu anayemwaga maziwa.

Sasa hakuna sebule. Natazama miguuni: zulia la mama limekuwa barafu, na maua yake yameganda humo ndani, mekundu yote. Tuko Mlima Kirinyaga, juu kabisa, na ukimya ni mkubwa hata naogopa kumeza mate.

"Mtalowana," naziambia kamba.

"Tumepakwa dawa. Maji..."

"...hayatuingii."

Jiwe linang'oka juu. Nalisikia kabla sijaliona. Linampita Karimi, linapiga ukingo wa mwamba, na kamba ya buluu inakatika ikiwa katikati ya maneno: "Mwambie asi..."

Kamba ya kijani inatetemeka mikononi mwangu. Haijawahi kubaki peke yake.

"...ogope," inasema.

Karimi anaanguka.

Kamba ya kijani ikavutika. Ikavutika, na pamoja nayo kila kitu kikavutika: dakika, mwanga, jina la Karimi mdomoni mwangu. Hapakuwa na mshtuko. Yeye akaja chini, mimi nikanyanyuliwa kwenda juu, taratibu, uso wangu ukipita karibu na barafu ya buluu ambayo haikuwahi kutazamwa na mtu. Tukakutana katikati.

"Za chini?" Karimi aliuliza.

"Nzuri. Za juu?"

"Kuna baridi, lakini kuzuri, dada. Laiti ungeona."

Tukaning'inia hapo, bega kwa bega. Chini ya miguu yetu mawingu yametandazwa hadi mwisho wa dunia, na jua linachomoza ndani yake, kimyakimya. Sikumbuki kama nililia. Nilijishika kwenye barafu kwa viganja na paji la uso, kama mtu anayesalimiana na mkubwa.

Kamba ya kijani ilivuta pumzi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ikaanza sentensi, na ikaimaliza yenyewe.

"Mimi nipo," ilisema.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia chumbani, na Karimi alikuwa mlangoni, amevaa buti, tayari kwa safari yetu ya mlimani.

"Dada, mbona nyusi zako nyeupe?"

Alinisogelea, akainama, akabandua kipunje kwenye unyusi wangu wa kushoto, akakiweka kwenye ulimi. Akafikiri kidogo.

"Barafu," alisema. "Ya juu kabisa hii. Haina vumbi."