Mlango Kabla ya Mkate

Ufunguo ulikuwa umelowa jasho kiganjani mwa Sindano. Jina hilo alipewa utotoni kwa wembamba wake, na alipokuja kuwa fundi cherehani watu wakasema kweli jina huumba. Kila Jumapili karakana alimoshonea iligeuka kanisa: vyerehani vilisukumwa ukutani, mabenchi yakapangwa, na meza ya kukatia vitambaa ikatandikwa shuka jeupe, juu yake mkate na kikombe. Yeye ndiye aliyeshika mlango.

"Funga," alisema baba yake mdogo, mzee wa kanisa, akiwa nyuma ya meza.

Desturi hiyo ilianza kwa nia njema. Zamani watu waliingia huku mkate ukizunguka, wakisukumana na kusalimiana, hadi sala ikapotelea katika kelele za viatu. Mzee akaamua: mkate ukifunuliwa, mlango unafungwa. Si Paulo mwenyewe aliagiza mambo yatendeke kwa utaratibu? Hakuna aliyepinga, maana walioulizwa wote walikuwa ndani.

Mama yake Sindano alikuwa msafishaji wa wodi, zamu ya usiku. Hakuweza kuondoka mpaka mwenzake wa asubuhi afike, na mwenzake huyo alikuwa na haraka ya kinyonga. Jumapili nenda, Jumapili rudi, mama alikuta mlango umefungwa, akasikiliza wimbo wa mwisho akiwa nje. Jana, akijiandaa kwenda kazini, alisema bila hasira, na kukosa hasira huko ndiko kulikomtisha bintiye: "Kesho nikikuta pamefungwa, sirudi tena. Nitasali jikoni kwangu. Mungu hana kufuli."

"Sindano, nimesema funga mlango."

"Baba mdogo, hatujafika wote."

Vichwa vikageuka. Mzee akashusha miwani. "Nani hayupo?"

"Mama."

"Mama yako anajua saa ya ibada."

"Na wagonjwa nao wanajua saa ya kutapika?" akadakia dereva wa lori waliyemwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Wawili watatu wakacheka, kisha wakameza vicheko vyao mzee alipowatazama.

"Hapa si sokoni. Lete huo ufunguo."

Sindano akaufumbata ufunguo. "Paulo huyohuyo aliyeagiza utaratibu, katika barua hiyohiyo, aliwakemea Wakorintho. Walikuwa wanakutana mezani, wengine wanashiba, wengine wanabaki na njaa. Akawaambia wakikutanika kula, wangojane. Wewe ndiye uliyenifundisha kuisoma, baba mdogo."

Mtoto mchanga akalia, akanyamazishwa.

"Unanifundisha mimi, mbele za watu?"

"Hapana, baba. Nakuomba."

Mzee akatoka nyuma ya meza, mkono ameunyoosha, kiganja wazi. Sindano akarudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa ubao wa mlango uliokuwa umeegeshwa tu. Akachungulia nje. Kule mwisho wa mtaa, mbele ya duka la vipuri, alisimama mwanamke mwenye sare ya bluu. Kutoka pale mlango ulionekana umefungwa. Mwanamke akatikisa kichwa, akageuka kurudi alikotoka.

Sindano akausukuma mlango hadi ukagonga ukuta, akauacha wazi, na akatoka mbio na ufunguo mkononi.

"Mama!"

Mama hakugeuka. Sindano alimfikia akihema, akamshika mkono. Ulinuka dawa ya kusafishia sakafu.

"Rudi ukasali. Usiache ibada kwa ajili yangu."

"Haijaanza."

"Usinidanganye. Shemeji yangu ninayemjua mimi? Huyo hata jua likichelewa analikaripia."

"Mkate haujamegwa, mama. Ufunguo ninao mimi."

Mama akautazama ufunguo, kisha akamtazama bintiye. "Mtoto wewe! Watakufukuza."

"Basi tutasali jikoni wote wawili. Lakini kwanza twende."

"Nimechoka, mwanangu. Si miguu. Nimechoka kusimama mlangoni kwa Baba yangu kama jirani aliyekuja kuomba chumvi."

Sindano aliendelea tu kuushika ule mkono. Walisimama hivyo hadi mama akashusha pumzi ndefu na kuanza kutembea, polepole, kuelekea karakana.

Mzee alikuwa amesimama katikati ya mlango, ameujaza wote. Nyuma yake mkate ulikuwa bado mezani, haujamegwa.

"Umechelewa, shemeji."

"Nimechelewa."

Taya la mzee likacheza. Sindano alihisi vidole vya mama vikilegea ndani ya mkono wake, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Mzee akaangalia chini. Viatu vya mama vilikuwa bado vimelowa maji ya wodini. Akavitazama kwa muda, kama anayesoma kitu.

"Tulikuwa tunakungoja," alisema, maneno yakimtoka kwa shida kama mfupa uliokwama kooni. Akasogea kidogo. "Lakini hili suala la mlango, wiki ijayo lazima tukae tulizungumze."

"Tulizungumze leo, shemeji," mama alisema akimpita. "Nikishaketi."