Nduna Anayejificha Kwenye Majani

Wapo watu ambao dunia ikiwapiga wanalia, na wapo wanaocheka mpaka dunia yenyewe inaona haya kuendelea. Remigi alikuwa wa kundi la pili. Ila Jumamosi ile ya mwisho wa Oktoba kicheko kilimkwama kooni kama muhogo mkavu, na maji ya kuushushia hayakuwepo.

Alikuwa na kibanda cha gemu pale Ruhuwiko. Kuta za mabanzi, bati juu, tivii moja, mashine moja, pedi mbili, na mabenchi manne aliyopewa na parokia walipoleta mapya. Alikianzisha baada ya kupunguzwa kazi kwenye ghala la ushirika, enzi zile walipokuja waheshimiwa wenye tai wakatangaza kwamba sasa soko ni huria. Kila mtu akawa huru. Remigi akawa huru kuliko wote, maana asubuhi hakuwa hata na pa kwenda. Wenzake walichukua kiinua mgongo wakanunua ng'ombe. Yeye akanunua tivii. Walimcheka sana, hadi ng'ombe walipokufa kwa ndigana. Tivii haiugui ndigana.

Lakini sasa karibu na stendi kilifunguliwa kibanda kingine chenye tivii mbili na gemu za mpira, na mabenchi ya parokia yakaanza kuonekana mbao zake. Na kaka yake Raphael, mkulima wa Lusewa, alikuwa ametuma neno: gari la mbolea linarudi huko Jumapili mchana. Remigi awe juu yake, yeye na mke na mtoto na vyombo, aje alime tumbaku kwenye kipande cha marehemu baba. Asipokuja, kipande anapewa shemeji, na asije kuulizia tena.

Remigi aliijua tumbaku. Alikulia ndani yake. Aliujua ule utomvu unaoganda viganjani mpaka ukimega ugali unakuwa mchungu. Na alimjua Raphael, ambaye angemwita "mdogo wangu wa tivii" mbele ya watu kila siku ya Mungu hadi mmoja wao azikwe.

"Baba Benigna," mkewe Jovina alimwambia asubuhi ile, akifunga sufuria kwenye kanga bila kuuliza ruhusa, "leo watu wakijaa, nafungua mzigo huu. Wasipojaa, kesho tunapanda gari. Mimi sitaki kukosa huku na kukosa kule."

"Watajaa. Leo Nduna mpya."

"Huyo Nduna wako ndiye atakayetulisha?"

"Si ndiye aliyetulisha miaka miwili?"

Na hapo Remigi hakusema uongo, jambo la kuandikwa. Kilichowashika wateja wake wote wale ni Nduna. Jina lake halisi lilikuwa la Kiingereza, refu, na hakuna aliyehangaika nalo. Mtu mwenye ngao na mkuki mfupi, kifua wazi, anayetembea katikati ya njia bila kumpisha yeyote, hapa Songea jina lake lilikuwepo kabla hajazaliwa. Bakili, fundi baiskeli, alimwona siku ya kwanza akasema, "Huyu ni nduna," basi akawa jemedari wa Kingoni, ingawa nywele zilikuwa za njano.

Sasa, watu wa ndani ya gemu walikuwa wanaongea, na wateja walikuwa wanauliza wanasema nini. Kiingereza cha Remigi kilikuwa kile cha kwenye magunia. Lakini mwenye kibanda hawezi kusema sijui. Ni kama mama ntilie kusema chumvi hajui inakaa wapi. Akashika fimbo ya mwanzi, akasimama kando ya tivii, akatafsiri. Kwa tafsiri yake, Nduna alikuwa anamtafuta mama yake, aliyetekwa na maadui alipokwenda kuchota maji. Kila lango lililofungwa, mama yuko nyuma yake. Kila joka limemmeza ndugu mmoja wa ukoo. Watu wakawa wanalipia kucheza, na wengi zaidi wanalipia kukaa tu na kusikiliza. Bakili alikwama steji ya saba mwezi mzima, baiskeli za watu zikalala bila magurudumu, kwa sababu mama yuko ndani, na utamwachaje mama wa mwenzako mikononi mwa watu wale.

Ndipo wiki ile akatokea Bashiru, mchuuzi wa diski wa kutoka Makambako. Akamwonyesha diski mpya. "Ni huyuhuyu jamaa yako," alisema, "ila wamemtengeneza upya kutoka mwanzo. Mjini hawachezi tena ile ya zamani, wanaicheka." Alitaka ya zamani na nyongeza ya pesa juu. Remigi akatoa vyote viwili. Alikuwa ameishi kwenye mageuzi ya kutosha kujua kwamba kipya hukiondoa cha zamani. Hakuwa amejifunza bado kujiuliza nani anafaidika.

Saa nane mchana kibanda kilijaa hadi mlangoni. Jovina alichungulia, akaondoka, na Remigi akasikia sufuria moja ikifunguliwa kwenye kanga huko nyuma ya mabanzi. Moyo ukamrudi. Akawasha.

Picha ilikuwa nzuri ajabu. Majani yalitikisika kama ya kweli. Kisha majani yakagawanyika, na katikati yake akaonekana kijana mwembamba, amechutama, amevaa koti lililochanika begani. Hana ngao. Hana mkuki. Anatetemeka.

"Huyo nani?" aliuliza Bakili, ambaye kwa heshima yake ndiye aliyeshika pedi.

"Nduna," alisema Remigi.

Watu wakainamia tivii kama wanaoangalia maiti ili kuhakikisha ni ya kwao.

"Koti hilo nalijua," alisema Nassoro, muuza mitumba. "Juzi nimeuza kama hilo. Limetoka kwenye beli la daraja la tatu."

Watu wakacheka, na Remigi akacheka nao, haraka mno. "Mnaona? Maendeleo. Zamani alikuwa kifua wazi, sasa ana nguo."

Bakili alibonyeza kitufe cha kupiga. Kijana akalala chini. Akabonyeza tena. Kijana akatambaa. Adui mmoja akapita karibu, mmoja tu, wa kumpiga kofi, na kijana akajibana kwenye majani akishika mdomo ili asisikike akipumua.

"Anajificha," alisema Bakili, polepole. "Remigi, nduna gani anayejificha kwenye majani?"

"Anamvizia."

"Hamvizii. Mtu anayevizia nimemwona. Huyu anaogopa."

"Na ule mstari mwekundu juu kule unaopungua ni wa nini?" aliuliza Nassoro.

Remigi aliujua, maana alijaribu peke yake Ijumaa. "Njaa," alisema.

"Njaa?"

"Asipookota matunda, anakufa."

"Mimi nimetoka nyumbani hatujala," alisema Nassoro, "nikalipa, nikaingia humu ili nimtazame mwenzangu ambaye hajala?"

Kicheko cha safari hii kilikuwa na meno. Walburga, muuza pombe ya komoni wa jirani, ambaye huingia bure kwa sababu hakuna aliyewahi kuthubutu kumdai, alisema yeye kwa upande wake kijana anampenda. "Huyu ana akili. Yule wenu alikuwa anajitia katikati ya njia kana kwamba nyumbani hakuna anayemsubiri. Wanaume mnapenda mtu wa hivyo kwa sababu si ninyi mnaobaki wajane."

"Mama, akili ninayo mwenyewe na haijanisaidia," alisema Bakili. "Hapa nilikuja kuona nguvu."

Wengine wakasema picha ni nzuri, tatizo ni mtu. Wengine wakasema mtu si tatizo, vitufe vimebadilishwa. Mmoja akasema hata ushirika ulianza hivihivi, walikuja wakaubadilisha kuwa mzuri, na leo uko wapi. Remigi aliona benchi la nyuma likiinuka. Akashika fimbo ya mwanzi, akapandisha sauti.

"Subirini kwanza. Hamjasikia hadithi. Hapa ni kabla ya yote. Nduna bado kijana, na mama ndiyo kwanza ametekwa asubuhi hii. Mnaona? Ndiyo maana anatetemeka. Si woga, ni uchungu."

Benchi la nyuma likakaa. Bakili akashika pedi vizuri. Kwa dakika nzima, labda mbili, kibanda kilikuwa kama zamani, na Remigi alihisi jasho likimkauka mgongoni.

Mlangoni alikuwa amesimama mwalimu Devota, binti aliyekuwa akimalizia masomo ya ualimu chuoni Matogoro. Hakuja kwa Nduna. Alikuja kumfuata Bakili, fundi aliyekuwa ameachiwa baiskeli yake iliyotoboka tangu asubuhi. Akisubiri, alitazama tivii, na maandishi yalipopita akayasoma, kwa sababu mwalimu hawezi kuona maandishi yakapita hivihivi.

"Mbona haisemi hivyo," alisema.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuonyesha kifungo kimefunguka.

"Inasemaje, mwalimu?" aliuliza Bakili, bila kugeuka.

"Inasema hii ni hadithi ya mwanzo wake. Kabla hajawa mwizi wa makaburi anayeogopwa kuliko wote."

"Mwizi wa nini?"

"Makaburi. Anafukua, anachukua dhahabu. Hapo inasema..." Alisogea mbele, watu wakampisha. "Inasema kila alichokipigania maishani kilikuwa ni taji la malkia. Na mwanzo ulikuwa hapa, alipokuwa hana kitu."

"Na mama?"

Devota aliyasoma yote mpaka mwisho, kwa uaminifu, huku kidole kikifuata mstari. "Mama hayumo," alisema.

Bakili aliweka pedi juu ya benchi taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Steji ya saba," alimwambia Remigi. "Mwezi mzima. Nilikuwa natafuta kofia?"

Remigi alifungua mdomo. Mara zote mdomo huo ulipofunguliwa kulikuwa na kitu ndani. "Bakili, ndugu yangu, Kiingereza kina..."

"Nimekuuliza. Ilikuwa kofia?"

"Sijui ilikuwa nini," alisema Remigi. "Sikuwahi kujua."

Hakuna aliyemtukana. Wangemtukana, angepata nafuu. Nassoro aliuliza tu kama ile diski ya zamani ipo, kwa sababu walikuwa wamebakiza lango moja, na kofia au si kofia, mtu angetaka kuona. Remigi akasema imekwenda Makambako. Hapo ndipo walipoinuka, benchi moja baada ya jingine, kama kanisani baada ya baraka. Devota, aliyechelewa kugundua kilichotokea, alimwambia, "Samahani, kaka, sikujua," na Remigi akamjibu kwamba si kitu, kusoma si kosa. Ndani ya tivii kijana alibaki kwenye majani, hana wa kumwongoza, mstari mwekundu ukashuka mpaka ukaisha, akalala.

Jovina alisikia mabenchi. Akaifunga tena ile sufuria.

Jumapili baada ya misa gari la mbolea lilisimama barabarani. Walipakia godoro, vyombo, na tivii ikiwa imefungwa kwa blanketi kama mgonjwa. Jovina na mtoto wakakaa mbele na dereva. Remigi alikuwa ameweka mguu mmoja juu ya tairi alipowaona Bakili, Nassoro na Walburga wakija. Alishusha mguu. Alidhani wamekuja kudai viingilio vya miaka miwili, na alikuwa anatafuta utani wa kuwapokea nao, asiupate.

"Alipatikana?" aliuliza Bakili.

"Nani?"

"Mama."

"Bakili, mama hakuwepo. Umemsikia mwalimu."

"Mwalimu alisoma ya kwao. Mimi nakuuliza yetu. Tulifika lango la mwisho. Alikuwepo?"

Remigi alitazama barabara. "Sijui," alisema. "Sikuwa nimefika huko mwenyewe. Nilikuwa nabuni palepale, mkiwa mmekaa."

"Miaka miwili umetudanganya vizuri," alisema Nassoro, "leo ndiyo unaona aibu?"

Dereva akapiga honi mara moja, kwa adabu. Remigi akajikuna shingo. Kisha akasema, bila fimbo, kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani:

"Nduna alifika langoni. Lango lilikuwa wazi, ndani hakuna mtu. Basi akageuka. Alikuwa amechoka. Akarudi kwa kaka yake, akapewa kipande cha shamba, akalima tumbaku."

Wote watatu wakatazamana, wakiipima.

"Hapana," alisema Bakili.

"Hata mimi siitaki," alisema Walburga, "na mimi ndiye niliyempenda yule wa kujificha. Mtu apite majoka yote yale, akalime tumbaku?"

"Watu wanalima," alisema Remigi.

"Wanalima, ndiyo. Tunawajua, wako kila nyumba," alisema Nassoro. "Toa nyingine."

"Sina nyingine."

"Unayo. Wewe hukosi."

Dereva aliwasha injini. Jovina alitoa kichwa dirishani, akamtazama mumewe, akawatazama wale watatu, akakirudisha ndani bila kumharakisha. Remigi akapanda, akakaa juu ya mifuko ya mbolea, mgongo ameegemeza tivii. Wale watatu walisogea mpaka kwenye ubao wa gari, Bakili ameushika kwa mkono wenye grisi, wakamwinulia nyuso kama walivyokuwa wakikaa mabenchini. Remigi akafungua mdomo, akangoja kitu kije.