Ushuhuda wa Kilomita ya Ishirini

Katibu wa kanisa ni mtu wa ratiba. Matembezi ya imani, kilomita arobaini kwa miguu, yalikuwa bado wiki nzima, lakini yeye alishaandika shuhuda za watakaofika na kuzichapa. Fundi viatu alipewa hii: "Kilomita ya ishirini Bwana alinigusa, huzuni ikaniondoka." Akatia sahihi. Tangu amzike mkewe, miezi minane sasa, kila akipiga magoti kuomba hapatoki neno, na mfa maji haishi kutapatapa.

Wiki ile alishona viatu vya waumini wote mpaka vidole vikafa ganzi. Vyake akavisahau, mganga hajigangi.

Kilomita ya ishirini ikafika. Fundi akapunguza mwendo, akavua kofia, akasubiri kuguswa. Kilichomgusa ni vumbi la gari la katibu, aliyekuwa akiwatia moyo kwa kipaza sauti: "Songeni, wapendwa! Safari ya imani haina njia ya mkato!" Fundi alimlaani kimoyomoyo, akaona aibu, kisha akamlaani tena.

Kilomita ya thelathini na moja soli ya kushoto ikaachama. Akaketi kando ya barabara, akaamua basi, imetosha, kutembea na kuomba vyote viwili. Hapo akafikiwa na mama mkwe wake. Tangu mazishini hawakuwa wakisemezana; kila mmoja aliogopa kumliza mwenzake.

"Lete huo mguu, baba."

"Mama, nitakupaje mguu wangu?"

"Heshima utanipa tukifika."

Akavua kitambaa cha kichwa, akakichana, akaifunga soli. "Binti yangu alikuwa akilalamika hivi hivi. Unashona vya watu, vyako vinaachama." Akacheka huku machozi yakimtoka. Fundi akalia kwa sauti, na katikati ya kilio akajisikia akisema, "Bwana, asante." Hakuwa amelitaja jina hilo miezi minane.

Walifika wa mwisho. Katibu akamtilia karatasi mkononi. "Soma upesi, tumechelewa."

Fundi akaitazama, akaikunja.

"Kilomita ya ishirini Bwana hakuwepo," alisema, na kanisa zima likaguna. "Alikuja ya thelathini na moja, kwa miguu, akaondoka pale kichwa wazi."

Mama mkwe, viganja vikiwa juu ya mvi zake, ndiye aliyeitikia amina.