Waya wa Msiba

"Nguzo naziona hata nikiwa mbali, kaka," rubani Pamela alimwambia Jovin asubuhi ile, wamesimama kwenye tuta la mpunga. "Waya ndio siuoni. Nikija kuuona, nimeshaufikia. Wewe ndiye fundi wa hapa, niambie ukweli: kutoka barabarani mpaka kule kwenye matete, kuna waya wowote umekatiza?"

Jovin hakujiuliza mara mbili. Yeye ndiye fundi umeme wa kitongoji kile cha Mabogini, na nyumba zote zenye taa upande ule kazitia umeme yeye kwa mikono yake.

"Hakuna, dada. Pita tu."

Na hakusema uongo. Asubuhi ile waya haukuwapo.

Ndege waitwao kweleakwelea walikuwa wamewatoa watu machozi. Wanakuja kama wingu, wanatua kwenye mpunga uliokwisha kukomaa, wakiondoka wameacha mabua. Watu wamepiga madebe mpaka mikono imevimba, ndege wamewazoea. Ndipo ikaletwa helikopta iwanyunyizie sumu jioni, wakiingia kulala kwenye matete. Gari la matangazo lilizunguka kutwa: msisogee kwenye matete, fungeni ng'ombe, funikeni maji. Habari ya sumu waliisema wee mpaka wakakauka koo. Habari ya waya hakuna aliyeigusa, maana fundi alishasema.

Mchana simu ikaja kutoka hospitali mjini Moshi. Mzee Sirili amefariki.

Jamani, msiba haupigi hodi. Saa ile ile watu wakaanza kumiminika kwa mama Yuditha, mjane wake: turubai likafungwa, viti vikashushwa, wanawake wakabandika masufuria. Jioni jumuiya ingesali rozari, na katekista anataka kipaza sauti. Nyumba ya marehemu haina umeme. Umeme uko kwa Gladness, ng'ambo ya majaruba ya mpunga. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Gladness hakusubiri kuombwa. "Jovin, chukua kwangu. Vuta tu."

Jovin akavuta. Akachimbia nguzo mbili za mkaratusi katikati ya majaruba, juu akafunga waya mweusi, mwembamba, kutoka kwa Gladness mpaka kwa marehemu. Alifanya kazi ile huku akimwaza marehemu tu, kwa kuwa Mzee Sirili ndiye aliyemnunulia plaizi yake ya kwanza. Na wala hakumkumbuka Pamela. Angemkumbukaje? Kwetu waya wa msiba si waya. Ni jirani kakuazima mwanga. Jana haukuwapo, watu wakitoka matanga unakunjwa, nani atauhesabu?

Jua lilipoanza kuinama, Jovin alikuwa uani kwa Gladness akikaza swichi, na sauti ya katekista ikimfikia toka ng'ambo, safi kabisa. Helikopta ikaja. Ikazunguka juu, mbali, ikiwatazama ndege wakiingia kwenye matete.

"Angalia mwanamke anavyoendesha!" Gladness akacheka. "Na sisi tunaogopa bodaboda."

Jovin naye akacheka. Helikopta ikaelekea barabarani, ikageuka, jua likawa mgongoni mwake. Kisha ikashuka. Ikashuka tena. Ikawa chini ya vilele vya migomba, inakuja juu ya majaruba, usawa wa nguzo zake za mkaratusi.

"Yeleuwi!" Jovin akapiga ukelele. "Waya!"

Akarukia swichi kubwa ya ukutani, akaizima. Ng'ambo sauti ya katekista ikakatika katikati ya Salamu Maria. Jovin akashusha pumzi. Umeme hakuna, hatari hakuna. Miaka yote kazi imemfundisha hivyo: waya ukizimwa, hata mtoto anaushika.

Fundi mzima! Pumzi ile haijamtoka yote, akili ikamrudia. Helikopta inaogopa umeme? Waya umezimwa, lakini bado umetanda pale hewani, mweusi, mkavu, na yule dada hauoni. Alimwuliza. Na yeye alimjibu apite.

Alikimbia. Ndala zilibaki kwenye tope la jaruba la kwanza. Akaanguka, akanyanyuka na maji mdomoni, akakimbia tena huku akipunga mikono. "Rudi! Rudi juu!" Nani amsikie kwa mngurumo ule? Bwana wangu, usimwue, alikuwa akisema, usimwue kwa mdomo wangu.

Akaifikia nguzo ya kwanza, akaipiga bega. Tope likaiachia, ikalala. Waya ukalegea, ila nguzo ya pili bado ilikuwa imesimama na kuushikilia juu. Alikuwa ameichimbia vizuri mno, mjinga yeye! Kuifikia hakuna muda. Akaudaka waya kwa mikono miwili, akajitupa nyuma kwa uzito wake wote. Ukamchana viganja. Akauzungusha kiunoni, akavuta huku akilia. Nguzo ikayumba. Akavuta. Mpunga wote ukalala kwa upepo wa helikopta, na ndipo nguzo ikang'oka, ikaanguka pamoja na waya ndani ya maji, na Jovin akaanguka chali juu yake.

Tumbo la helikopta likapita juu ya uso wake.

Aliifuata kwa macho. Aliona mkono wa Pamela ukitoka dirishani, ukimpungia kwa furaha, kama mtu anayemsalimia rafiki aliyetoka shambani kumlaki. Kisha ikafika kwenye matete, na sumu ikaanza kumwagika kama ukungu mweupe.

Wanaume wa msibani walimjia juu.

"Wewe Jovin una wazimu? Unazima umeme watu wanasali?"

"Na nguzo kang'oa! Humheshimu hata marehemu?"

Jovin alikaa pale kwenye tope, waya bado kiunoni, akalia kwa sauti, mpaka waliokuwa wakimfokea wakabaki kutazamana.

Mama Yuditha akavuka majaruba na kanga zake nyeusi, asijali maji. Akaviona viganja vyake vinatoka damu. Akachuchumaa, akavifunga kwa mtandio wake, akamvuta kichwa kifuani pake.

"Basi, mwanangu, basi," akasema. "Najua ulivyompenda. Lakini mzee wangu alikula chumvi nyingi, na wajukuu akawaona. Hiki si kifo cha kukuliza hivi."