Wavu Nilioupiga Majivu

Mimi uchafu siuvumilii, na asiyejua hilo awaulize majirani zangu hapa Malinya. Kwa hiyo msinicheke haraka.

Miaka ile miwa ilipolipa, kila mtu alinunua kitu. Huyu sofa, yule redio ya kubeba begani. Mume wangu Lusweti akaja na tangi la kioo lenye samaki mmoja mwekundu. Samaki wa kutazama! Nikamwuliza, "Huyu tunampika lini?" Akacheka mpaka akakaa chini. Mwaka jana Lusweti alifariki, akaniachia samaki. Jioni naongeanga naye. Ndiyo, naongea na samaki. Una swali?

Mkwe wangu Andati, mume wa binti yangu Awinja, ni fundi wa umeme kiwandani. Ndiye aliyetutengenezea kile kitu cha kusafisha maji: wavu umening'inizwa juu ya tangi, pampu inapandisha maji, yanateremka juu yake, na taa inaumulika. Mwani unaota pale pale na kula uchafu wa samaki. Kila Jumamosi unakwangua nusu ya wavu, nusu nyingine unaiacha na ute wake. Haya yote aliniambia kupitia kwa Awinja, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni, hawapeani mikono, wala hawakai chumba kimoja. Siku alipokuja kukifunga, nilijifungia jikoni.

Sasa Awinja akatuma habari kwamba wanakuja Jumapili. Mkwe aje, na sebuleni kwangu kunaning'inia makamasi ya kijani? Wacha wewe! Jumatano nikautoa wavu, nikausugua kwa majivu na mchanga kama tunavyosuguanga sufuria, ukawa mweupe. Mwani nikawamwagia kuku. Walikula wakatafuta mwingine.

Jumapili asubuhi maji yalikuwa mazito kama uji, na samaki yuko juu juu, anahema mdomo wazi.

Wakafika. Andati akabaki barazani, kama heshima inavyotaka. Awinja, mimba ya miezi minane, akayaona yale maji, akamwambia mumewe, kisha akasimama mlangoni kupeleka maneno.

"Mama, anauliza umeufanya nini ule wavu."

"Mwambie nimeuosha."

Huko nje nikasikia mtu akisema, "Uuuwi!"

"Mama, anasema umtoe samaki haraka, umweke kwenye beseni ya maji ya mvua."

"Nimesikia, mimi si kiziwi!"

Nikaleta beseni. Nikajaribu mara tatu kumshika, akaniponyoka mara tatu. Basi nikasema, "Aingie! Lakini mfunge macho."

Awinja akamfunga kitambaa chake cha kichwa. Andati akaingia akipapasa, akagonga kigoda, akalisalimu kabati, "Mulembe, mama." Nikamwelekeza: kushoto, mbele, si huko! Akazamisha mkono, akamshika samaki, samaki akateleza, puu, sakafuni, akaingia chini ya meza. Andati akapiga magoti kumtafuta. Akaokota kiatu changu, akakitia kwenye beseni.

Samaki akaruka mara moja, kisha akatulia. Niliona namzika Lusweti mara ya pili.

"Andati!" nikaita. Jina hilo sikuwahi kulitamka mbele yake. "Fungua macho, utamkanyaga samaki wa baba yako!"

Akavua kitambaa. Tukaangaliana, uso kwa uso. Kisha akamzoa samaki kwa viganja viwili, akatoa kiatu, akamtia majini. Nami nikapiga magoti, tukainama juu ya beseni mpaka vichwa vikagusana. Samaki amelala ubavu. Tukangoja. Shavu lake likacheza kidogo, likacheza tena, akajigeuza na kuanza kuogelea.

Andati alikuwa analia, mwanamume mzima, machozi yanadondokea kwenye beseni.

"Nisamehe, mama," akasema, "nimekuangalia."

"Niangalie tu," nikamwambia. "Na unishike mkono, haya magoti yamekataa kuinuka."