Asiyelia Hajasukwa

Mtaani walimwita Mkono wa Chuma, na mwenyewe alidhani ni sifa. Saluni yake ilikuwa na viti vinne, kioo kirefu chenye ufa, na sheria moja ambayo haikuandikwa popote lakini kila mteja aliijua: asiyelia hajasukwa. Uje mtoto wa chekechea, uje mwalimu mkuu mwenye heshima zake, chanuo la meno ya karibukaribu lilizamishwa shinani, kwenye nywele kavu, likateremshwa hadi nchani bila kusimama njiani kumsalimia mtu. Chanuo likigoma, liliongezewa nguvu. Likivunjika, kosa ni la nywele. "Una nywele ngumu wewe, pole," alikuwa akisema, huku anafungua chanuo jipya.

Jioni ndipo alipofagia. Lo! Nywele zilizolala sakafuni zingejaza mto, na foronya ikabana. "Hizo zilikuwa zimeshakufa," aliwaeleza wateja, kwa utulivu wa mtu aliyezifanyia uchunguzi. Sasa zilikufa lini, na kama zilikufa mbona zilikuwa zimeng'ang'ania kichwani mpaka dakika mbili zilizopita, hakuna aliyeuliza. Nani amhoji mtu ambaye bado amekushika kichwa?

Wa kwanza kula matunda ya ujuzi huo alikuwa binti yake wa pekee. Mtoto alijaliwa kipilipili hasa, zile nywele zinazojikunja mpaka zinajifunga zenyewe, lakini kila unywele ulikuwa mwembamba na laini, wa kukatika ukiutazama vibaya. Wingi ulikuwepo, nguvu, hamna. Mama aliona wingi akadhani ni ugumu, na ugumu kwake ulikuwa na dawa moja tu. Kila Jumamosi asubuhi majirani walisikia kilio wakajua wiki imeisha. Binti alipofika miaka kumi na tano, pembeni mwa paji palikuwa na vinywele vya kuhesabika, na kisogoni urefu wa kidole. "Nywele za ukoo wa baba yake hizo, hazikui," mama alitoa hukumu. Baba mtu, dereva wa lori mwenye kipara tangu ujana wake, hakuwa na pa kuanzia utetezi.

Binti alipopata kazi ya maabara akajifunga kilemba, na kilemba kikawa ndio kichwa chenyewe. Kazini kilemba, nyumbani kilemba. Mama alidhani ni aibu ya nywele zisizokua, akamhurumia, akanyamaza, akaisubiri harusi. Siku hiyo kilemba kingevuliwa, na mkono wa mama ndio ungefanya miujiza. Maana harusini watu hula na kucheza, lakini wanawake wote huondoka na swali moja: nani kamsuka bibi harusi? Jibu alikuwa nalo tayari. Hata tabasamu la kulitolea alishalifanyia mazoezi mbele ya kile kioo chenye ufa.

Siku mbili kabla ya harusi, wifi yake akaingia saluni. Wifi huyu hakuwahi kuja kusukwa hata siku moja. Alikuja kukalia kiti cha wateja na kushusha habari.

"Wifi, hongera," alisema, akijipepea na khanga. "Umejishusha, umeonyesha ukubwa. Si kila mama angekubali."

"Kukubali nini?"

"Si binti kusukwa pale ng'ambo, kwa Bi Taratibu! Yuko kitini sasa hivi, nimemwona kwa macho yangu haya mawili." Akajiziba kinywa. "Ala! Kumbe hukujua? Jamani mdomo wangu huu!"

Mdomo wake huo ulikuwa umekatiza barabara mbio, juani, ili usichelewe.

Bi Taratibu ni jina alilolitunga Mkono wa Chuma mwenyewe. Lilikuwa la msusi wa upande wa pili wa barabara, mwenye kiti kimoja, mteja mmoja asubuhi na mmoja mchana. Saa tatu nzima kwa kichwa kimoja! "Yule anasuka au anaatamia?" Mkono wa Chuma alizoea kuuliza, na saluni yote inaangua kicheko. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Wateja watatu waliinama kutazama sakafu kwa bidii sana, na mmoja akamnong'oneza mwenziwe kwamba kinyozi hajinyoi. Alinong'ona vizuri, maana alisikika mpaka mlangoni.

Mama akavuka barabara na aproni yake kiunoni. Moyo ulimuuma, tusifichane. Ulimuuma hadi akasahau kutazama magari. Njiani alitunga kisingizio kwamba anakuja kuuliza kama na kwao maji yamekatika. Kisingizio kizuri mno, ila alipofika alimkuta Bi Taratibu ananawa mikono, bomba linatiririka kama kawaida.

"Karibu, dada. Kaa," alisema Bi Taratibu, bila hata kushtuka, na hilo likamkera zaidi.

Binti alikuwa kitini, kichwa amekilaza nyuma, macho ameyafumba. Kilemba kilining'inia msumarini. Na nywele, Mungu wangu! Zile ambazo mama alishazitangazia msiba zilikuwa zimegawanywa mafungu manane, kila fungu limesokotwa ili lisirudi kujichanganya na wenzake. Lile moja lililofunguliwa, Bi Taratibu alipolinyoosha kwa vidole, lilifika begani. Begani! Na pembeni mwa paji, pale pa vinywele vya kuhesabika, pameota pakajaa.

"Tangu lini?" mama akauliza.

"Mwaka wa tatu huu, huwa anaingilia mlango wa nyuma. Alipokuja alikuwa na hali mbaya kidogo." Bi Taratibu alilisema hilo huku ametazama pembeni.

Mama akakaa. Kazi ikaendelea mbele ya macho yake, na ilikuwa kazi ya kuudhi kweli. Fungu likapuliziwa maji, likapakwa mafuta mazito ya kulainisha mpaka likawa linateleza. Halafu vidole, chanuo bado. Vidole vikapapasa fundo, vikaliachanisha unywele kwa unywele, na mkono wa pili umeshika juu ya fundo ili ngozi ya kichwa isivutwe. Ndipo likaja chanuo la meno mapana, tena likaanzia nchani, likapanda kidogokidogo kuelekea shinani. Kinyume kabisa! Mama alikaa anasubiri hata unywele mmoja ukatike apate la kusema. Akakagua sakafu. Palikuwa na vinywele vichache visivyotosha hata kushonea kifungo. Alitafuta kosa kwa ujuzi wake wote wa miaka ishirini na sita, akalikosa.

"Mbona kanyamaza hivyo?" akauliza. "Anaumwa?"

"Amelala, dada. Huwa analala."

Amelala! Katika miaka ishirini na sita Mkono wa Chuma hakuwahi kuona mteja aliyelala kitini. Aliyezimia, ndiyo, mmoja. Hapo hasira zikamwishia, na zilipoondoka akaona zilichokuwa zimekifunika: aibu, aibu tupu, ya kumfanya mtu atamani kuuliza habari za maji.

"Limebaki fungu moja," Bi Taratibu akasema, akimnyooshea chanuo. "Ukipenda malizia wewe. Ni mwanao."

Mama akamtazama usoni aone kama ni kejeli. Haikuwa, bahati mbaya. Kejeli angejua kuijibu. Akasimama nyuma ya kiti, akakohoa kidogo, kile kikohozi chake cha kusafisha koo kabla hajaanza kichwa chochote.

Binti hakufumbua macho. Lakini mabega yalipanda yenyewe hadi masikioni, na mikono ikakamata kiti kwa nguvu. Mtu mzima, anaolewa keshokutwa, kazini kwake anachoma watu sindano kutwa nzima na hatetereki.

Mama akaliweka chanuo mezani. Akachukua chupa ya maji, kisha mafuta, kisha akaanza kwa vidole, nchani. Vidole vilivyozoea kuvuta vilipapasa kama vya mwanafunzi siku ya kwanza. Fundo moja tu lilimla dakika kumi. Bi Taratibu alijitia kupanga taulo ambazo zilishapangwa.

"Nikikuumiza, sema," mama akasema.

Binti akajibu, macho bado ameyafumba.

"Nilikuwa nasema, mama."

Mama akainama kutafuta fundo la pili. Baadaye bega moja la binti likashuka. La pili lilibaki juu, mama aliliona, akaendelea na kazi.